Mkwe Haangushwi

Watu wakisikia kwamba niliwahi kucheza mpira wa Kimarekani, kwanza hunitazama tumbo, halafu huniuliza ni Amerika ipi. Nawajibu: ile ya Mususa, mtaa wetu wa Butembo. Hapo hucheka, na siwalaumu, maana hata sisi tuliokuwa ndani tulicheka sana mpaka siku meno yalipoanza kung'oka.

Mchezo wenyewe uliletwa na padri. Chuo kikuu chetu kilikuwa na kampasi mbili, moja Butembo na nyingine Beni, na padri huyu ndiye aliyekuwa mlezi wa wanafunzi wa pande zote mbili. Alikuwa ametumwa Amerika kusoma teolojia. Wengine wakienda ng'ambo hurudi na gari. Yeye alirudi na kikohozi, shahada ambayo hatukuwahi kuiona, na mpira wenye umbo la yai. Akatueleza kwamba kule kila chuo kina timu yake, na kwamba sisi hatukuwa na sababu ya kukosa. Sababu tulikuwa nazo nyingi, ila hakutaka kuzisikia.

Kanuni zake si ngumu. Unaukumbatia mpira, unakimbia nao hadi mwisho wa uwanja wa wenzako, ukifika umepata pointi sita; ukiupiga kwa mguu ukapita kati ya milingoti, tatu. Kazi yao ni kukuangusha njiani. Mpira ukikuponyoka, ni wa atakayeuokota. Ukiangushwa nao, kila mtu anasimama, mnajadiliana kwa muda mrefu, kisha mnaanza tena. Mimi nilipenda sana hapo pa kusimama. Ni mchezo uliofanana na kazi ya ofisi ya serikali: purukushani kidogo, mapumziko marefu, na mwisho wa siku hakuna anayejua nini kimefanyika.

Vifaa tulijitengenezea. Vichwani tulivaa kofia za pikipiki tulizoazima kwa ndugu na majirani. Mabegani tulijaza vipande vya godoro, na fundi cherehani mmoja wa Mususa alivishonea ndani ya makoti ya mitumba, huku akituuliza kama wazazi wetu wanajua. Tukisimama kwa mstari tulifanana na magodoro yanayosubiri kupakiwa.

Na ligi yetu ilikuwa na timu mbili. Sisi, na kampasi ya Beni. Basi. Tulicheza nao Butembo, tukacheza nao Beni, tukarudia, na hapo bingwa akapatikana. Ni ligi nzuri sana, naipendekeza kwa kila mtu: hata ukishindwa mechi zote, unamaliza wa pili. Na kwa kuwa padri peke yake ndiye aliyezijua kanuni, mwanzo wa juma alikuwa kocha wetu, katikati ya juma alishuka Beni kuwa kocha wao, na siku ya mechi alijifunga filimbi shingoni akawa mwamuzi. Alisema hana upendeleo. Ni kweli, alitutukana wote kwa kipimo kimoja.

Mimi nilichaguliwa kwa sababu ya mwili. Ukoo wetu unatoka upande wa Lubero, kwenye viazi na baridi, na mama yangu, anayeuza maharagwe mtaa wa Kimemi, alikuwa na mazoea ya kuwaambia wateja kwamba alizaa watoto wanne na tumbo moja, na tumbo lenyewe ni mimi. Padri aliponiona nikipita mlangoni kwa ubavu alimshukuru Mungu kwa sauti. Akaniweka nyuma ya wenzangu wote, peke yangu.

"Weye uko mulango," akaniambia. "Mulango haikimbiake. Mutu akifika, inafungwa tu."

Ningekuwa mlango mzuri sana kama nisingekuwa natafuta mke.

Msichana mwenyewe alikuwa wa Beni, amekuja kwetu Butembo kusoma sheria. Tulijuana kwenye foleni ya maji ya chuo, aliponigusa mgongo na kuniambia kwamba nimesimama mahali pa watu wawili, kwa hiyo nichague nitakuwa yupi. Nilimpenda pale pale. Sioni haya kusema: nilimpenda vibaya, kwa njia ya kukosa hamu ya kula, jambo ambalo nyumbani kwetu lilisababisha wasiwasi mkubwa na maombi ya familia nzima.

Baba mdogo wangu, ambaye ndiye msemaji wetu katika mambo ya ndoa, alishuka Beni na wazee wenzake kubisha hodi kwa wazazi wake. Baba wa msichana, mnunuzi wa kakao, aliwapokea vizuri, akawalisha vizuri, halafu akasema: jibu tutawapa kakao ikiisha kukauka. Nilikuja kujua kwamba hakuna kitu duniani kinachokauka polepole kama kakao ya Beni wakati mtu anaisubiri.

Kwa hiyo nilikuwa katika ile hali mbaya ambayo kila kijana wa kwetu anaijua. Umeshajulikana, lakini hujakubaliwa. Unawasalimu wote, mpaka mbuzi wao. Na watu wa ukoo ule huwagusi. Hupandishi sauti mbele yao, hupiti mbele yao wakila, huwapigi bega kwa mzaha. Kumwangusha mmoja wao chini ni kusema kwa mikono yako miwili kwamba ombi lako umelifuta. Hakuna aliyenifundisha hayo. Ni kama kujua kwamba moto unaunguza.

Mechi ya kwanza ilikuwa kwetu, kwenye kiwanja chenye mteremko ambacho ng'ombe walikuwa wamekiacha asubuhi ile bila kufanya usafi. Punde mchezaji mmoja wa Beni akachomoka na mpira. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, mwembamba, mwepesi, miguu yote magoti. Nikatanua mikono. Nilikuwa tayari kabisa kufungwa kama mlango. Alipobakiza hatua chache kunifikia akainua kioo cha kofia yake, na chini ya kioo kulikuwa na meno yaliyopangika kwa furaha.

"Mbote, bokilo!"

Mbote ni salamu. Bokilo ni mkwe, ni shemeji, ni mtu yeyote aliyekuja kwako kwa njia ya ndoa. Neno tumelipata kwa wanajeshi na kwa muziki. Na aliyelitamka alikuwa kaka mkubwa wa msichana wangu, aliyekaa pembeni ya baba yake siku baba mdogo alipobisha hodi. Mikono ikanishuka yenyewe. Nikasogea pembeni. Wenzangu wanaapa kwamba niliinama kidogo. Akapita, akafika mwisho, akaweka mpira chini kama mtu anayeweka chungu jikoni kwao.

Tangu hapo alijua. Mechi ile kila mpira wa Beni ulipewa yeye, na kila alipoupata hakutafuta nafasi kushoto wala kulia. Alinyoosha moja kwa moja kwangu, kwa sababu uwanja mzima hapakuwa na mahali salama kuliko pale niliposimama. Alinisalimu kila mara. Aliniuliza habari za mama. Tulifungwa vibaya mno, na wenzangu walikaa juma zima bila kunisemesha, isipokuwa mmoja, mwanafunzi wa uchumi, mdogo kuliko wote, ambaye alinisemesha maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Nilienda kwa padri. Yeye ni mtoto wa kwetu, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikohoa, akafikiri.

"Kwa kanisa weye haujaoa bado," akasema. "Donc yeye haiko bokilo yako. Unaweza kumuangusha, hakuna zambi."

"Na kwa kimila, mon père?"

"Kwa kimila?" Akatazama dirishani. "Kwa kimila, hapana kumugusa hata kidogo."

Nikaenda kwa baba mdogo. Yeye hakukohoa. Alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba mimi, kwa mwili wangu huu, nilipaswa kuinama kuliko watu wengine. Alisema nikimgusa yule kijana, atafute msemaji mwingine, kwa sababu yeye hawezi kurudi Beni kuombea posa mtu anayepiga wakwe zake mbele ya umati.

Mwishowe nikamweleza msichana mwenyewe. Nilidhani atanisifu kwa heshima niliyowapa watu wake. Akanitazama kama hakimu.

"Umuangushe."

"Ni kaka yako!"

"Njo maana. Minamujua. Toka butoto anakulaka nyama ya mu sahani yangu, na mama anasemaka: muache, ni mukubwa. Kila mutu anamuacha. Sasa na weye unamuacha." Kisha akasema lile lililoninyima usingizi: "Kama unasogea juu ya kaka yangu, siku miye na ye tutagombana, utasogea pia?"

Nikimwangusha, baba yake angenikataa. Nikisogea, yeye mwenyewe angenikataa. Nilimwomba Mungu amwondoe yule jamaa kwa njia ya upole, na Mungu, ambaye wakati mwingine husikiliza hata maombi ya ovyo, akampelekea malaria. Mechi ya pili hakucheza. Tukashinda, tena kwao, na nikacheza kama simba, nikaangusha watu wa kila ukoo isipokuwa ule mmoja.

Mechi ya tatu, Butembo, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Uwanja ukawa uji. Hakuna aliyefunga, hakuna aliyemtambua mwenzake. Shemeji alichomoka mara moja tu, akaja kwangu kama kawaida yake, akateleza mwenyewe na kulala kifudifudi mbele ya miguu yangu. Nikamwambia pole. Nikamnyanyua. Nikamfuta tope kwenye kioo. Kelele za wenzangu zilisikika, naamini, mpaka sokoni.

Kwa hiyo tulifika mechi ya mwisho tukiwa sawasawa, na mechi hiyo ilikuwa Beni. Na kakao ilikuwa imekauka. Baba wa msichana alituma ujumbe kwamba siku hiyo, kwa kuwa sisi sote tutakuwa kule, atakuja kwanza kuutazama huo mchezo ambao watoto wanauzungumzia, na baada ya mchezo atatoa jibu. Mtu mwenye akili timamu angeugua ghafla. Mimi nilijaribu, lakini mama alinigusa paji la uso, akaninusa, akasema sina kitu.

Tulishuka Beni juu ya lori, tumekaa kwenye magunia ya kabichi, kila mtu na kofia yake mapajani. Baba mdogo alikaa mbele na dereva, amevaa tai. Kwenye kizuizi askari walituuliza sisi ni watu wa nini na hizo kofia. Tulipojaribu kueleza, mmoja wao alisema twende tu, amechoka kusikiliza. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda, na tulipofika uwanjani nilikuwa tayari nimelowa chini ya godoro langu kana kwamba nimecheza mechi nzima.

Baba wa msichana alikuwa amewekewa kiti cha plastiki pembeni ya mstari. Kulia kwake wadogo zake wawili. Nyuma yake msichana, amefunga kitambaa cha kijani, hanitazami. Nikaenda kusalimu, kofia mkononi, nimeinama mpaka mgongo ukalia. Mzee akanipima juu mpaka chini.

"Njo weye?"

"Njo miye, papa."

"Uko mukubwa," akasema, na sikuweza kujua kama ni sifa au ni gharama.

Siwezi kusimulia mchezo wote, na hata wakati ule sikuuelewa. Nakumbuka vumbi, na wanajeshi waliokuja kutazama wakiwa na nyuso za wataalamu. Mmoja alimuuliza mwenzake kwa sauti kubwa: "Bazali kobunda to kosakana?" Anataka kujua kama tunapigana au tunacheza. Mwenzake alijibu kwamba ni vyote viwili, na kwamba tungefundishwa vizuri tungefaa. Shemeji alinijia mara mbili. Mara mbili nikasogea. Mara ya pili nilimwona mzee akiuliza wadogo zake kitu, wakainua mabega. Msichana alikuwa ameweka mikono kichwani.

Mwanafunzi wa uchumi alikuja kunishika koti. Machozi yalikuwa yanamtoka kweli.

"Wametupita pointi tatu tu, na saa inaisha," akasema. "Tatu! Akipita tena, bintu bimekwisha. Nakuomba. Nitakusaidia kutafuta mwanamuke mwingine, hata wawili!"

Nikamwambia aende zake. Na hapo hapo shemeji akapata mpira.

Aliwapita wenzangu wote, akabaki yeye na mimi na nyasi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya msimu mzima. Akaacha kukimbia. Akaanza kutembea. Mpira kwapani, mkono mwingine akifunua kioo, akampungia baba yake, akawapungia wanajeshi, akanijia taratibu kama mtu anayetoka misa.

"Sogea kidogo, bokilo," akasema. "Ninapita."

Ningependa kusema kwamba nilifikiri juu ya ndoa, au juu ya swali la yule msichana, au juu ya heshima ya chuo. Hapana. Nilifikiri kitu kimoja tu: huyu mtu anatembea. Kumheshimu mtu anayekimbia nilikuwa nimekubali. Lakini alikuwa anatembea! Hasira ikanipanda kutoka kwenye nyayo, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamkumbatia, nikamwinua juu na mpira wake na kofia yake na salamu zake, nikaenda naye chini kwa kilo zangu zote ambazo mama yangu alizilisha kwa miaka mingi.

Mlio ulikuwa kama gunia linaloanguka kutoka juu ya lori. Mpira uliruka sijui wapi. Mimi nilikuwa nimelala juu ya kaka wa msichana wangu, mbele ya baba yake. Nikajiondoa. Akakaa, akatema nyasi, akashika bega, akanitazama kwa mshangao mtupu, kama mtu aliyegongwa na kanisa.

Mzee akainuka kwenye kiti.

Uwanja wote ukageuka. Wachezaji wa Beni, wachezaji wetu, wanajeshi, wamama wa ndizi, padri na filimbi yake mdomoni, wote wakamtazama mzee akiingia uwanjani na fimbo yake, na wadogo zake nyuma. Hata kule kwa wauza maji waliacha kuuza. Nikapiga magoti. Baba mdogo alikuja mbio, akiivua ile tai njiani, tayari anaomba msamaha kwa lugha tatu.

Mzee kwanza alimuuliza mwanawe: "Umekufa?"

"Hapana, papa."

"Basi nyamaza."

Kisha wakasimama kando, yeye na wadogo zake, wakaongea Kinande kwa sauti ya chini. Sikusikia neno hata moja. Nilijua nimempoteza, na jambo baya kuliko yote ni kwamba kama jamaa angetembea tena, ningemwangusha tena. Nilitamani kulia na sikuthubutu, kwa sababu wanajeshi walikuwa wamesogea karibu ili waone vizuri.

Mzee akarudi. Akanielekezea fimbo.

"Umeangusha mutoto yangu mbele ya batu. Utaleta embene." Embene ni mbuzi. "Utaileta ku nyumba, weye mwenyewe, na tutaikula pamoja na huyu wenye uliangusha."

"Papa, tunaomba musamaha," baba mdogo akaanza, "huyu kijana haana akili, tutarudi na yeye Butembo, hamutamuona tena…"

"Sikiliza, mukubwa." Mzee hakupandisha sauti. "Mutu ya inje akiangusha mutoto yangu, minaita polisi. Mbuzi, tunaiombaka tu mutu ya nyumba."

Baba mdogo alielewa kabla yangu. Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na suruali yake nzuri. Mimi nilibaki nimepiga magoti kama mjinga, nikitazama fimbo, mpaka niliposikia msichana akicheka nyuma ya watu, kicheko kikubwa kisicho na adabu, na hapo ndipo maneno yakaingia.

Wakati huo huo, mwisho kabisa wa uwanja, mwanafunzi wa uchumi alikuwa anaruka peke yake. Aliuokota mpira ulipodondoka, akakimbia nao uwanja mzima, akauweka chini penye pointi sita. Pointi za ubingwa. Hapakuwa na hata mtu mmoja aliyemwona, wala padri, ambaye alikiri wazi kwamba alikuwa anatazama mambo ya wakwe, kama kila mtu, na kwamba mwamuzi hawezi kuhesabu kitu ambacho hakukiona. Muda ulikuwa umekwisha, ubingwa ukabaki Beni. Wenzangu wakamzunguka padri kwa makelele, kofia zinarushwa, mtu ananivuta koti kwa nyuma na kuniambia niende haraka, mimi ndiye mkubwa, mimi padri ataniogopa.

Sikuenda. Nilimuuliza baba mkwe kama anataka dume au jike.